Moto wa Shambani ni wa Nani?

Wanachama wenzangu,

Katika shughuli za Mkutano Mkuu ujao limo shauri moja lililoletwa na Halmashauri, nalo ni kuongeza kifungu cha moto katika kanuni za Chama chetu. Kifungu chenyewe si kirefu. Chasema kwamba mwanachama atakayewasha moto shambani kwake, au atakayemwachia mtu mwingine auwashe, atakuwa na dhamana ya madhara yake kwa jirani na kwa mchumaji. Na kwamba Chama kitaweka mfuko mdogo wa kumtibu mtu aliyeungua, kabla ya watu kuanza kuulizana nani mwenye makosa. Wako wanaolipinga shauri hili, na baadhi yao ni wazee wangu ninaowaheshimu. Mimi naliunga mkono, na kwa kuwa Katibu hana kura mkutanoni, nimeona nitumie ukurasa huu.

Wanaopinga wana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba ajali haina kinga, na moto ukichukuliwa na upepo ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Ya pili, mwenye shamba akishakodisha mikarafuu yake, au akishampa mtu kazi ya kufyeka kwa mapatano, moto ni wa huyo mtu wala si wake. Ya tatu, sheria ipo na mahakama zipo, kwa hiyo Chama kina haja gani ya kujitia? Hoja hizi si za kipuuzi, na kila moja yastahili jawabu yake.

Tuanze na kadari. Hakuna kati yetu anayeikataa. Lakini kadari ni jambo moja na dhamana ni jambo jingine. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na Pemba ikasalimika zaidi. Hasara ile ilikuwa kubwa mno, lakini hakuna aliyeweza kumwendea jirani yake na kumwambia, "Nilipe." Upepo ule haukuwa na mwenyewe. Je, moto wa shambani ni kama upepo ule? Moto wa shambani yuko mtu aliyekusanya majani makavu na makuti, yuko aliyetia kiberiti, na mara nyingi yuko aliyekwenda kula chakula cha mchana akauacha unafuka.

Hata moto uliowashwa na mbingu waweza kuwa na mwenyewe. Mwezi wa Februari 1961, katika Australia ya Magharibi, radi ilipiga mti mmoja mkubwa katika shamba la mtu, urefu wake kiasi cha futi 100, ukashika moto juu kwenye panda. Mwenye shamba alianza vizuri. Alisafisha chini ya mti, akamwagia maji, akamwita mtu wa kuukata, na mti ukaangushwa. Ulipokuwa chini angeweza kuuzima kwa maji, lakini akaona auache uungue mpaka uishe wenyewe. Siku chache baadaye, tarehe 1 Machi, jua likawa kali na upepo ukazidi, moto ukaamka, ukavuka mpaka na kuunguza mashamba ya majirani. Kesi hiyo, ya Goldman na Hargrave, ilifika mpaka Baraza la Malkia mjini London, ambalo wakati wa himaya ndilo lililokuwa daraja ya mwisho ya rufani za Unguja na Pemba. Katika mwaka 1966 Baraza lilihukumu kwamba mwenye shamba alipe. Radi haikuwa yake, lakini kuuacha mti ukiwaka, hali maji anayo na nafasi anayo, lilikuwa jambo lake mwenyewe.

Watu wengi huisahau sehemu ya pili ya hukumu ile. Majaji walisema kwamba anachodaiwa mtu hupimwa kwa hali yake. Mgonjwa hadaiwi kama mzima, wala mwenye mali kidogo hadaiwi kama mwenye mali nyingi. Basi bibi mjane mwenye mikarafuu ishirini, akiona moto umeingia shambani kwake, huenda ikamtosha kupiga ukelele na kuwaita majirani na sheha. Lakini mwenye vijana, ndoo na kisima, akikaa barazani na kusema "utazimika tu", huyo hana udhuru. Mizani hiyo ni ya haki, na Halmashauri imeitia katika kifungu chetu.

Sasa hoja ya pili, ya mkodi na mtu wa mapatano. Hii ndiyo hoja inayosemwa zaidi vibarazani, maana wengi wetu hatuchumi wenyewe. Mmoja hukodisha mikarafuu msimu mzima, mwingine humpa fundi kazi ya kufyeka kwa fedha ya jumla, kisha yeye huenda zake mjini. Moto ukitoka husema, "Mimi sikuwapo."

Misingi ya sheria ya Waingereza ambayo mahakama zetu ziliirithi yasema vingine, na si tangu jana. Katika kesi ya mwaka 1401 majaji wa Uingereza walisema kwamba mwenye nyumba hujibu kwa moto wa mtumishi wake na wa mgeni wake. Asiyejibiwa ni mtu wa nje tu, aliyeingia bila ya ruhusa. Miaka zaidi ya 500 baadaye, katika mwaka 1957, ilihukumiwa kesi ya mwenye nyumba aliyemwita fundi wa mabomba. Maji yalikuwa yameganda kwa baridi ndani ya mabomba darini, na fundi akatumia taa ya moto mkali kuyayeyusha. Vitu vilivyofunika mabomba vikashika moto, na nyumba ya jirani ikaungua. Mwenye nyumba akasema fundi si mtumishi wake, ni mtu wa mapatano. Hakusikilizwa. Yeye ndiye aliyemwita, na yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumwambia asitumie moto.

Wako watakaosema, "Mimi nilimkataza." Basi waitazame kesi ya mwaka 1971 juu ya ardhi ya Halmashauri ya Jiji la London. Mkandarasi aliyekuja kubomoa nyumba za muda alikuwa amekatazwa katika mkataba kuchoma takataka mahali pale. Watu wake wakachoma, na cheche zikaruka mpaka kwenye mali ya jirani. Mahakama ya Rufani ikasema kwamba wenye ardhi walipe, kwa sababu ilikuwa yawapasa kujua kwamba wabomoaji wa namna ile huchoma takataka zao, katazo liwepo au lisiwepo. Nasi je, hatujui kwamba mfyekaji anayelipwa kwa jumla hupenda kiberiti kuliko jembe, kwa sababu kiberiti humaliza kazi kabla ya adhuhuri? Twajua sana. Kumkataza kwa mdomo na kugeuza mgongo hakutoshi.

Wala tusidhani kwamba fikra hii ni ya Wazungu peke yao. Waliosoma fiqhi wanajua kwamba wanazuoni humtenga mwenye kutenda kwa mkono wake na mwenye kusababisha, na msababishaji naye huulizwa akiwa amepita mpaka. Kesi za namna hii siku hizi haziendi kwa Kadhi, ambaye shughuli zake ni ndoa, talaka na mirathi, lakini maana yake hatuigeni.

Tufike kwenye hoja ya tatu, nayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, kwamba sheria ipo. Ni kweli ipo, lakini sheria niliyoieleza mpaka sasa humlinda zaidi jirani kuliko mtu aliye ndani ya shamba.

Katika mwaka 1868 Malodi wa Uingereza walitoa hukumu mashuhuri ya Rylands na Fletcher. Mwenye kiwanda alichimbisha bwawa, maji yakapasua na kuingia katika machimbo ya jirani yake. Malodi wakasema kwamba mtu akiweka katika ardhi yake, kwa matumizi yasiyo ya kawaida, kitu kinachoweza kudhuru kikitoka, basi kikitoka atalipa, hata kama yeye mwenyewe hakufanya uzembe. Kanuni hiyo ikatumiwa baadaye kwa petroli na moto pia. Katika mwaka 1919 ilihukumiwa kesi ya motokaa iliyowekwa chini ya vyumba vya mtu. Dereva asiyekuwa hodari aliiwasha, moto ukalipuka katika mashine, naye hakufunga bomba la petroli upesi. Vyumba vya juu vikaungua, na mwenye motokaa akalipa.

Lakini tazameni jambo lililotokea vitani. Tarehe 31 Agosti 1942 bibi mmoja mkaguzi alikuwa kazini ndani ya kiwanda cha silaha cha Uingereza. Kombora likalipuka akaumia. Alidai fidia, na katika mwaka 1946 Malodi wakamkatalia. Walisema kwamba kanuni ya 1868 ni ya kitu kilichotoka nje ya ardhi, na mlipuko ule ulimkuta yeye ndani. Kwa kuwa hakudai kwamba kulikuwa na uzembe, hakupata kitu. Na katika mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliibana kanuni hiyo zaidi. Moto ulianza katika ghala ya tairi ukaunguza mali ya jirani. Majaji wakasema kilichotoka ni moto, tairi hazikutoka. Na bila ya kuthibitishwa uzembe, jirani hakulipwa.

Ilinganisheni habari hiyo na mashamba yetu. Moto ukitoka kwako ukaunguza mikarafuu ya jirani, jirani ana njia, japo nyembamba siku hizi. Lakini mchumaji aliyelala katika dago lako, galoni ya petroli ikalipuka usiku akaungua mikono, huyo hawezi kusema kitu kimetoka. Yeye yumo ndani. Itampasa athibitishe uzembe: nani aliiweka galoni pale, nani aliwasha kibatari, nani alijua. Naye yuko hospitali, kwao ni mbali, mashahidi wametawanyika msimu umekwisha, na dago lenyewe limekuwa majivu. Kwa maneno mengine, sheria hii ya zamani huweza kuuhurumia mti wa jirani kabla ya mkono wa mtu aliyekuchumia.

Mtu atasema Zanzibar ina sheria ya fidia kwa wafanyakazi tangu 1986. Ni kweli, na kila mwanachama anayeajiri yafaa aisome. Lakini sheria ya namna hiyo humtazama mwajiri na mwajiriwa. Mchumaji anayekuja wiki mbili, analipwa kwa alichokichuma, ameletwa na mkodi, na mkodi amekodi kwa mwenye shamba, mwajiri wake ni nani? Mkodi atamsonta mwenye shamba, mwenye shamba atamsonta mkodi, na mgonjwa atabaki baina ya vidole viwili. Hapo ndipo mahali pa Chama. Kifungu chetu hakimzuii mtu kwenda mahakamani akitaka. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba siku ya kwanza, siku dawa inapotakiwa, fedha ipo.

Na hatari hii si ya kufikiri tu. Zamani moto wa shambani ulikuwa mafiga na koroboi. Leo tuna misumeno ya moto ya kukatia miti, mashine za kufyekea, pikipiki na mitungi ya gesi. Petroli huuzwa katika chupa za soda, na chupa huwekwa humo humo watu wanamopikia. Mvuke wa petroli hauonekani, tena ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka ufike kwenye moto, kisha moto hurudi ulikotoka mvuke. Gesi ya kupikia inayovuja nayo hukaa chini vivyo hivyo. Hatujasahau Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakakusanyika kuchota petroli. Moto ulipowaka wakafa zaidi ya watu 100. Ile ilikuwa barabara kuu na lori zima, lakini petroli iliyomo katika chupa shambani ni ile ile.

Tena mashamba yetu hayakai mbalimbali. Tangu zilipogawiwa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, mwenye shamba huyu na huyu wametenganishwa na njia ya miguu tu. Mizizi ya mkarafuu iliyo mingi imo juu juu ya ardhi, na moto wa majani waweza kuuangamiza mti ambao majani yake ya juu hayakuguswa. Mche mpya utataka miaka 6 hadi 8 hata uanze kuzaa. Mtu aliyeunguziwa miti kumi hakupoteza karafuu za mwaka huu peke yake.

Najua woga uliopo. Mwanachama mmoja aliniuliza ofisini, "Nikiunguza shamba la jirani kwa bahati mbaya, mtaniuzia nyumba?" La. Waliokaa chuoni wanakijua kisa cha Nabii Daud na Nabii Suleiman na kondoo walioingia shambani usiku. Katika tafsiri twasoma kwamba Daud alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba, na Suleiman akaona njia nyingine: mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda apate maziwa na sufi yao, na wenye kondoo walihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu achukue chake. Hukumu ile ilimtengeneza aliyedhurika wala haikumfilisi aliyedhuru. Halmashauri inapendekeza njia iliyo karibu na hiyo. Aliyeunguza mikarafuu ya mwenziwe apande miche mingine na aitunze, na kila msimu ampe fungu la karafuu zake litakalokadiriwa na wazee watatu, mpaka miche izae. Na akiwa hana uwezo, mzigo upimwe kwa uwezo wake.

Lakini mkono wa mtu haupandwi tena kama mche, na ndiyo sababu ya mfuko. Shauri ni kila mwanachama akatwe shilingi 50 kwa kila kilo ya karafuu anayouza. Mwenye kuuza kilo 200 atatoa shilingi 10,000 kwa msimu. Fedha hiyo haitoshi kuwa fidia ya ulemavu, wala hakuna anayesema itatosha. Yatosha gari ya kwenda hospitali, dawa za siku za mwanzo, na chakula cha nyumbani kwake wakati amelala. Nani mwenye makosa, hilo litaulizwa baadaye, na mwenye makosa ataurudishia mfuko.

Pamoja na fedha ziko desturi ambazo kila mwanachama atatakiwa azifuate, na asiyezifuata ndiye atakayehesabiwa kuwa mzembe. Kabla ya kuchoma awaarifu majirani na sheha siku moja mbele. Asafishe mkanda mtupu usio na majani kuzunguka mahali pa kuchomea. Asichome wakati wa upepo. Awepo yeye au mtu mzima aliyemtaja, pamoja na maji, wala wasiondoke mpaka majivu yapoe mkononi. Petroli iwekwe katika chombo cha mafuta chenye kifuniko madhubuti, nje ya dago, mbali na jiko, na mashine isitiwe mafuta ikiwa ya moto. Anayekodisha aandike katika karatasi ya makodi nani ana ruhusa ya kuwasha moto na wapi. Na mtu akiungua, amwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe kwa daktari. Asipakwe mafuta, wala dawa ya meno, wala majivu.

Hakuna katika desturi hizo jambo linalotaka fedha nyingi. Nyingi zataka ndoo, panga na subira ya nusu siku. Mwenye kuzifuata, na bado moto ukamtoroka, atakuja mbele ya wazee na uso mkavu, na hapo ndipo atakapoweza kusema kwa haki kwamba lile lilikuwa la Mungu.

Wazee wetu walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Sisi tulioshirikiana katika mashamba, katika njia na katika wachumaji, hatuwezi kukataa kushirikiana katika dhamana. Karatasi za kifungu kizima zipo ofisini kwa kila mwanachama anayetaka kukisoma kabla ya mkutano, na asiyejua kusoma atasomewa. Anayekipinga aje akipinge mbele ya watu, na alete kifungu chake kilicho bora kuliko hiki. Asichoweza kufanya ni kusema kwamba hapana haja, kwa sababu msimu uko mbele yetu, majani yamekwisha kauka, na wachumaji wataanza kupiga dago karibuni.

Wassalaam.

Katibu wa Chama